Grand Canyon: Safari ya Kupangwa Kuanzia Kurudi

Anayepanda Kilimanjaro hutumia nguvu zake akiwa bado anazo. Siku akizidiwa, njia ya kurudi ni mteremko, na kila hatua anayoshuka inampeleka kwenye hewa ya kutosha, kwenye maji na kwenye watu. Korongo ni kinyume cha mlima. Grand Canyon, kule Arizona nchini Marekani, humpokea mgeni kwa mteremko: ni asubuhi, hewa ya ukingoni ni baridi, magoti hayajaanza kuuma, na kilomita tano huisha bila mtu kuzihisi. Halafu anageuka. Mbele yake kuna mwinuko wa zaidi ya mita mia sita, jua liko utosini, chupa ya maji imebaki nusu, na njia ya kutoka ni hiyo hiyo moja.

Miongozo mingi ya safari ya huko huanza na hoteli, magari ya kukodi na mahali pazuri pa kupiga picha. Mimi naona mpango unaofaa huanza na ile saa ya kupanda: itakuwa saa ngapi, joto litakuwa kiasi gani, na maji yatatoka wapi. Ukishayajibu hayo matatu, mwezi wa kusafiri, mahali pa kulala na njia ya kushuka hupatikana kwa urahisi. Usipoyajibu, chumba kizuri chenye dirisha la kutazama korongo hakitakuokoa na lolote.

Mto Colorado umekuwa ukilichimba korongo hili kwa takriban miaka milioni 5 hadi 6. Ukiufuata mto, urefu wake ni kilomita 446. Upana mahali pengine hufika kilomita 29, na kina ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Rais Theodore Roosevelt aliliwekea ulinzi wa taifa mwaka 1908, likawa hifadhi ya taifa Februari 1919, na mwaka 1979 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Siku hizi hupokea karibu wageni milioni 5 kwa mwaka. Wengi wao hutazama kutoka juu kwa saa chache, wakapanda gari, wakaondoka.

Kinachowapoteza wageni kwenye mipango yao ni neno jangwa. Ukingo wa Kusini, wanakofikia karibu wote, uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Nairobi. Kuna msitu wa misonobari, kuna kulungu wakubwa wanaovuka barabara jioni, na kuanzia Novemba kuna theluji. Jangwa liko chini. Kila unaposhuka mita 300 joto huongezeka kwa takriban nyuzi 3, na kutoka ukingoni hadi mtoni ni mteremko wa kama mita 1,400. Siku ya Julai ambayo juu ina nyuzi 28, siku ambayo mtu angeweza kusema hali ya hewa ni njema, kule mtoni ina 41 au zaidi kivulini, na vivuli vyenyewe ni vichache. Mtu hutoka msituni asubuhi, mchana yuko kwenye mipungate na mawe yanayochoma mkono ukiyashika. Kwa siku moja amevuka nchi mbili, na aliyevaa kwa ajili ya ile ya kwanza huteseka katika ya pili.

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kujiambia kwamba joto analijua tangu kuzaliwa. La kwetu Pwani lina unyevu: jasho linatiririka, shati linalowa, mwili unakulalamikia mapema na wewe unatafuta mwembe wa kukaa chini yake. Joto la chini ya korongo ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, ngozi hubaki kavu kama hujafanya kazi yoyote, na huku maji yanakutoka kila dakika. Mtu wa Lodwar au Garissa atalielewa upesi zaidi. Hata hivyo huyo naye kwao hapandi mwinuko wa kilomita nzima mchana kweupe akiwa na mzigo mgongoni.

Jambo la chumvi ndilo ambalo wageni hulijua kidogo kuliko yote, ingawa limewafikisha wengi hospitalini. Askari wa hifadhi hukutana njiani na wagonjwa wa aina mbili wanaofanana sana: wote wanaumwa kichwa, wanatapika, wamechanganyikiwa, miguu haiwabebi. Mmoja amekosa maji. Mwingine amekunywa maji kupita kiasi bila kula kitu, na chumvi iliyomo kwenye damu yake imeshuka hadi ubongo unaathirika. Ukimpa huyu wa pili maji zaidi kwa huruma, unamwongezea ugonjwa. Kwa hiyo ushauri wa kunywa maji mengi, tunaoupokea kama busara isiyo na shaka, huko chini hautoshi. Mtu anywe anaposikia kiu, na ale kila anapopumzika hata kama hamu haipo: karanga zilizotiwa chumvi, biskuti za chumvi, krispi, chochote chenye chumvi kitakachopita kooni. Begi lenye maji matupu na tunda moja ni begi lisilokamilika.

Na nguo zilowe. Hilo nalo hushangaza watu wakilisikia mara ya kwanza, ilhali ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuupoza mwili katika hewa kavu: kulowesha shati, kofia na kitambaa cha shingoni kila unapofika penye maji, kisha kuendelea na safari. Shati la pamba lililolowa chepechepe hukauka mwilini katika muda mfupi, na linapokauka ndipo linapofanya kazi. Hapo kanga ina manufaa kuliko nguo nyingi za bei mbaya zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya safari. Ikunjwe mara mbili, itiwe maji, ifunike kichwa na mabega.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Ni swali ambalo mgeni angepaswa kuliuliza kabla ya kuuliza bei ya chumba. Ukingo wa Kusini hauna chemchemi ya kutosha watu wake. Maji yote ya hoteli, ya migahawa, ya bomba za njiani na ya kuzimia moto hutoka upande wa pili wa korongo, kwenye chemchemi za Roaring Springs chini ya Ukingo wa Kaskazini, yakipita katika bomba la kilomita 20 lililoshuka hadi chini, likavuka na kupandishwa tena. Bomba hilo lilikamilika mwaka 1970 na limechoka. Tangu 2010 limepasuka zaidi ya mara 85. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka mahali kadhaa kwa mpigo, na hifadhi ikalazimika kusitisha malazi kwenye hoteli za ukingoni katika wikendi ya sikukuu ambayo watu walikuwa wamelipia miezi mingi nyuma. Mradi wa kulikarabati, wenye thamani ya dola milioni 208, ulianza 2023, na umefanya baadhi ya njia zifungwe kwa vipindi.

Kwa mpangaji wa safari, hadithi ya bomba ina maana mbili. Ya kwanza, chumba kikatiwe mahali ambapo fedha zinarudishwa, na uwe na mji wa pili kichwani: Tusayan ulio nje kidogo ya lango, Williams au Flagstaff. Ya pili ni nzito zaidi. Alama ya bomba la maji kwenye ramani haimaanishi kuna maji siku hiyo. Njia ya Bright Angel ina vituo vya maji, viwili vyenye vibanda vya kupumzikia na cha tatu Havasupai Gardens, kilomita 7.2 kutoka juu. Baadhi hufungwa majira ya baridi ili mabomba yasigande, na vyote hutegemea bomba lile lile kuu. Njia ya South Kaibab, ambayo ni nzuri zaidi kwa macho kwa sababu inafuata mgongo wa mwamba ulio wazi pande zote, haina tone la maji mpaka mtoni. Asubuhi ya safari ulizia kituo cha wageni au soma tangazo la siku hiyo kwenye tovuti ya hifadhi, na hata ukiambiwa maji yapo, beba ya kukutosha kurudi.

Saa za hatari zinajulikana. Hifadhi huwataka watu wasiwe njiani ndani ya korongo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri wakati wa joto. Wapo wanaoichukua kauli hiyo kama ushauri wa wazee. Katika kiangazi cha 2024, watembeaji watatu walifariki ndani ya mwezi mmoja, katika joto hilo. Kanuni ya kuhesabu muda ni hii: kupanda huchukua mara mbili ya kushuka. Ukishuka saa moja, tenga mbili za kurudi. Anayetaka kuwa ukingoni saa 4 asubuhi, na akashuka kwa saa moja na nusu tu, lazima awe ameanza saa 11 na nusu alfajiri, tochi ikiwa kichwani. Hapo ndipo mpango wa kulala unapojiamua wenyewe: aliyelala Las Vegas au Phoenix hawezi kufika kwa saa hiyo. Atafika saa 5, atashuka saa 6, na atapanda saa 8 mchana.

Miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Mei, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Shida ni kwamba kalenda ya shule haikubaliani na kalenda ya korongo. Tanzania ina likizo ya Juni, Kenya ina ya Agosti, na familia za Waswahili wanaoishi Marekani hupata nafasi kati ya Juni na Agosti. Juni ni kavu na kali. Julai na Agosti huongeza mvua za ghafla na radi. Siwezi kumwambia mzazi amtoe mtoto shuleni. Ila nitasema bila kuficha: familia inayokwenda Julai ibaki juu, na ijue mapema kwamba itabaki juu, ili mtu asije akabadili mawazo pale njia inapoanza kwa kuona wengine wanashuka. Likizo ya Desemba, ambayo wengi huiogopa, naiona bora kuliko ya Juni. Baridi ya ukingoni hushuka chini ya sifuri na kipande cha juu cha njia huwa barafu, kwa hiyo lazima kuvalia vyuma vya kuzuia kuteleza juu ya viatu. Lakini watu ni wachache, na ukishuka, hewa inakuwa ya kupendeza.

Kuhusu upande wa kwenda, kuna mkanganyo unaowagharimu watu fedha. Ziara nyingi za siku moja kutoka Las Vegas zinazotangazwa kwa jina la Grand Canyon hazifiki hifadhini kabisa. Zinakwenda Grand Canyon West, kwenye ardhi ya Wahualapai, ambako kuna ile baraza ya kioo iliyofunguliwa 2007. Ni mahali halali na mapato yanawafaa wenye ardhi, lakini ni eneo lingine, lina kiingilio chake, na pasi ya hifadhi za taifa haitambuliwi hapo. Las Vegas hadi Ukingo wa Kusini ni kilomita 450, Phoenix hadi huko ni 370, Flagstaff 130. Ukingo wa Kaskazini unauona kwa macho ng'ambo, kama kilomita 16 kwa ndege, na kwa gari ni zaidi ya kilomita 340. Moto ulioanzishwa na radi Julai 2025 uliteketeza loji ya kihistoria ya kaskazini pamoja na majengo mengine mengi, hivyo mgeni wa mara ya kwanza hana sababu ya kuupangia safari upande huo kwa sasa.

Ukishafika kusini, gari liegeshe. Barabara ya Hermit, inayopita kwenye vituo vizuri vya kutazamia, hufungwa kwa magari binafsi kuanzia Machi hadi Novemba, na mwanzo wa South Kaibab haufikiki kwa gari lako hata kidogo. Mabasi ya hifadhi ni ya bure, na lipo la alfajiri linalowapeleka watembeaji moja kwa moja. Kingine kidogo chenye kuleta usumbufu: Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini ardhi ya Wanavajo iliyo jirani hubadilisha. Anayeunganisha korongo na ziara ya Page au Monument Valley athibitishe ni saa ya nani inayotumika kwenye tiketi.

Sasa gharama na vibali. Gari binafsi hulipa dola 35 kwa siku saba. Tangu Januari 1, 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi huongezewa dola 100 kwa kila kichwa katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, Grand Canyon ikiwemo, pamoja na Zion na Bryce Canyon zilizo jimbo la jirani la Utah. Pasi ya mwaka kwa asiye mkazi ni dola 250. Kwa mkazi ni 80. Msomaji wa Tanzania au Kenya hatashangazwa na kanuni yenyewe, maana hifadhi zetu zimekuwa zikimtoza mgeni zaidi ya mwenyeji miaka mingi. Kinachobadilika ni hesabu. Mtu mmoja kutoka nje anayetaka kuona Grand Canyon, Zion na Bryce kwa safari moja tayari anazidi dola 300 bila pasi, hivyo pasi ya 250 inamlipa. Mkongo au Mrundi aliyehamia Phoenix au Tucson, ambako jamii zao zimekua sana, mwenye kitambulisho cha jimbo, analipa kama jirani yake Mmarekani, na ningependa wengi zaidi walijue hilo kwa sababu korongo liko nusu siku kutoka mlangoni mwao. Raia wa Tanzania aliye nyumbani aanze na viza kabla ya hesabu nyingine yoyote: tangu mwanzoni mwa 2026 Marekani imekaza masharti kwa viza za utalii za Watanzania.

Kushuka na kurudi siku hiyo hiyo hakuhitaji kibali. Kulala ndani kunahitaji. Hema huombewa takriban miezi minne kabla kwa njia ya bahati nasibu, na vitanda vya Phantom Ranch, kambi ya mawe iliyojengwa karibu na mto mwaka 1922, huchezewa bahati nasibu miezi 15 kabla. Huo ni muda mrefu kuliko wengi tunavyozoea kupanga jambo lolote lisilo harusi. Matokeo yake ni kwamba wasiopata nafasi hushawishika kufanya safari nzima, ukingoni hadi mtoni na kurudi, kwa siku moja. Hifadhi hutoa maonyo mazito dhidi ya jambo hilo, na vijana wenye miguu mizuri huendelea kulifanya.

Hapa ndipo tofauti kati ya Marekani na kwetu inapokuwa kubwa. Kilimanjaro huwezi kupanda bila mwongozaji. Yeye ndiye anayesema pole pole, anayeangalia macho yako asubuhi, na anayeamua kukurudisha hata kama umelipa na unalia. Mpagazi amebeba maji yako. Grand Canyon hakuna anayekuzuia. Hakuna lango pale njia inapoanza, hakuna anayepima begi lako, na uamuzi wa kugeuka ni wako peke yako, tena unatakiwa kuufanya wakati unajisikia vizuri kabisa, kwa kuwa ukisubiri kuchoka umechelewa. Askari wa hifadhi huokoa mamia ya watu kila mwaka, lakini msaada unaweza kuchukua saa nyingi, na helikopta hupungukiwa nguvu katika hewa ya joto kali. Kwa hiyo mwongozaji asiyekuwepo inabidi awekwe kwenye mpango wa maandishi: tutageuka saa fulani, popote tutakapokuwa. Kundi likubaliane usiku uliotangulia, na mmoja apewe madaraka ya kuitekeleza saa hiyo bila mjadala. Tunaosafiri na watu tunaowaheshimu, wakwe, kaka wakubwa, wachungaji, tunajua ugumu wa kumwambia mkubwa ageuke. Ndiyo maana yasemwe kabla.

Hatari nyingine ya makorongo ni ile ambayo haionekani angani. Mvua hunyesha mbali, ardhi kavu ya mawe hainywi maji, na yote hukusanyika kwenye mpasuko mwembamba ambako mtu amesimama chini ya anga la buluu. Agosti 12, 1997 maji ya namna hiyo yaliua watalii 11 katika Antelope Canyon, kwenye ardhi ya Wanavajo karibu na Page. Leo haiingiliki bila mwongozaji. Septemba 2015 watu saba walikufa katika mpasuko mmoja ndani ya Zion. Wakenya hawahitaji kuelezwa zaidi: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Njia kuu za Grand Canyon ni pana na ziko wazi zaidi, lakini mikondo ya pembeni siyo. Julai hadi Septemba, tabiri za mvua zisomwe za eneo zima linalomwaga maji kwenye korongo, na mikondo myembamba iachwe.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipitia kwa sentensi moja. Grand Canyon haikuwa tupu. Makabila 11 yana uhusiano nalo unaotambuliwa na hifadhi, na Wahavasupai waliishi na kulima pale penye chemchemi katikati ya Bright Angel mpaka wa mwisho wao alipoondolewa mwaka 1928. Eneo lilibaki likiitwa Indian Garden hadi 2022, lilipopewa jina la Havasupai Gardens kwa ombi la kabila lenyewe. Sheria ya 1975 iliwarudishia ekari 185,000 za ardhi yao. Msomaji anayekumbuka Wamaasai walivyohamishwa Serengeti mwaka 1959 kwenda Ngorongoro ataiona sura ile ile: uzuri unalindwa, na waliokuwa wakiishi ndani yake wanageuzwa wageni. Mpango wa safari unaweza kuliheshimu hilo kwa vitendo. Maporomoko ya maji ya buluu yanayosambaa sana mitandaoni hayako chini ya hifadhi. Yako Havasu, kwenye ardhi ya Wahavasupai, karibu na kijiji cha Supai ambako barua bado hupelekwa kwa baghala. Kwenda huko kunahitaji kibali chao cha kulala, hakuna ruhusa ya kwenda na kurudi siku moja, na kutoka mwisho wa barabara hadi kijijini ni matembezi ya kilomita 13. Anayedhani ataongeza maporomoko hayo kwenye siku yake ya pili kusini hajaangalia ramani.

Nikiulizwa mpango wenyewe, kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye siku mbili, ningesema usiku mbili ndani ya hifadhi au Tusayan. Mchana wa kwanza utumike juu. Yupo anayedharau kukaa ukingoni, kana kwamba korongo ni la wanaoshuka tu, sikubaliani naye. Matabaka ya mwamba hayasomeki saa 6 mchana, wakati mwanga unayapiga usoni na kuyafanya yote kuwa rangi moja ya vumbi. Yanasomeka kuanzia saa 11 jioni, kivuli kinapoanza kuyatenganisha. Kuna njia tambarare yenye lami, kati ya jumba la makumbusho ya jiolojia la Yavapai na kijiji cha ukingoni, iliyowekewa alama ili kila mita moja iwe sawa na miaka milioni moja. Bibi anaitembea, kiti cha magurudumu kinapita, na mawe halisi ya kila tabaka yamepangwa pembeni ya kuguswa, hadi yale meusi ya chini kabisa yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.7. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 na ambalo lina umri wa takriban miaka milioni 1.8, kwenye njia hiyo lingekaa chini ya mita mbili kutoka mwanzo. Sijui somo lolote la historia ya dunia linalomwingia mtoto upesi namna hiyo, na halihitaji kushuka hata ngazi moja. Ila aonywe kuhusu kuchakulo wa mawe wanaoomba chakula. Wanauma.

Asubuhi ya pili, basi la alfajiri hadi South Kaibab. Kilomita 2.4 chini kuna Cedar Ridge, mteremko wa kama mita 340, na ndipo pa kugeukia. Njia imechongwa kwenye mwamba kwa kupindapinda, ikavukwa na magogo kila hatua chache ili udongo usichukuliwe na mvua. Kwato za baghala zimechimba kati ya gogo na gogo, kwa hiyo kila hatua ya kurudi ni ngazi ya kimo tofauti, nyingine ya kiganja, nyingine ya goti, na vumbi jekundu linaingia kwenye soksi. Baghala wakipita, simama upande wa ndani, wa ukutani, usiseme wala kusogea mpaka aliye wa mwisho akupite na mwenye nao akuruhusu. Saa 3 asubuhi mko juu, mnakunywa chai na kula mayai, jua ndilo kwanza linaanza kazi yake.

Anayetaka mto aombe vitanda miezi 15 kabla na aitumie miezi hiyo kujifunza kupanda akiwa ameshachoka. Mazoezi ya kupanda mlima hayamfundishi hilo. Mkenya anaweza kushuka kutoka Iten hadi bonde la Kerio asubuhi na kupanda kurudi. Mtanzania anaweza kushuka Irente, Lushoto, kuelekea Mazinde na kupanda tena siku hiyo hiyo, akiwa na begi lenye uzito ule ule atakaobeba Arizona. Afanye hivyo zaidi ya mara moja, ahesabu saa zake za kushuka na za kupanda kando kando, na azitumie namba hizo, si za mtu mwingine, kuamua atageukia wapi.